FAHAMU UMBALI NA MUDA WA SAFARI YA NDEGE KUTOKA IFAKARA

Ndugu mkazi, zipo nyakati ambapo familia hulazimika kuamua kwa haraka: mgonjwa amepewa rufaa kwenda Muhimbili, je, asafirishwe kwa gari au ikodiwe ndege ndogo? Makala hii inaeleza namna ya kukokotoa muda wa safari, ili uamuzi ufanyike kwa hesabu na si kwa kubahatisha.

Umbali. Kwa barabara, kutoka Ifakara kupitia Mikumi na Morogoro hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 420. Kwa kupitia Morogoro hiyo hiyo, Dodoma ni takriban kilomita 485. Ndege, hata hivyo, hupimiwa mstari ulionyooka. Kwa mstari huo, Dar es Salaam ni kilomita 310 hivi na Dodoma ni kilomita 240 hivi. Hivyo Dodoma, iliyo mbali zaidi kwa barabara, ndiyo iliyo karibu zaidi kwa ndege. Sababu ni kwamba barabara huizunguka Milima ya Udzungwa, ilhali ndege hupita juu yake.

Muda wa kuruka. Gawanya umbali kwa mwendo wa ndege. Tuchukue ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Hadi Dar es Salaam itatumia saa 1 na dakika 2. Hadi Dodoma, dakika 48. Ongeza dakika 15 hivi za kuondoka, kupanda na kujipanga kutua. Upepo nao una sehemu yake: upepo wa mbele wa kilomita 30 kwa saa hupunguza mwendo hadi kilomita 270, na safari ya Dar es Salaam huwa saa 1 na dakika 9.

Muda wa safari nzima. Hapa ndipo wengi hukosea. Iwapo ndege iko Dar es Salaam, ni lazima kwanza ije Ifakara. Kuja ni dakika 77, kurudi ni dakika 77. Tukikadiria dakika 45 za kumfikisha mgonjwa Upanga, jumla ni saa 3 na dakika 19 tangu ndege ilipoanza safari. Gari lenye wastani wa kilomita 60 kwa saa litatumia saa 7. Ndege inaokoa saa 3 na dakika 41. Familia ikitumia muda huo kujadiliana kabla ya kuiita, faida yote imekwisha.

Kwa hiyo, mara rufaa inapotolewa, muulizeni daktari mambo matatu: je, mgonjwa anaweza kusafirishwa kwa ndege? Ndege iko wapi sasa? Je, itawahi kutua kabla ya giza? Viwanja vidogo visivyo na taa hutumika mchana tu.

Aidha, wakazi wanakumbushwa kutochunga mifugo, kutoanika mpunga na kutokatiza kwa baiskeli au pikipiki katika kiwanja cha ndege. Rubani akikuta ng'ombe njiani hulazimika kupaa tena na kuzunguka, na dakika hizo hutoka katika muda wa mgonjwa. Ukiona mifugo kiwanjani, toa taarifa mara moja kwa mtendaji wa mtaa au wa kata yako.