Somo: Jengo la Familia Lidumu Baada ya Mzee

Familia nyingi za Kisii na Nyamira zimejenga maduka ya kukodisha kwenye ploti ya mzee. Je, mzee akifariki, nani atapokea kodi ya wapangaji?

Tujifunze kutoka Nairobi. Familia za Shah na Rughani zilianza na duka la vitabu, Text Book Centre, mwaka 1964. Mwaka 1983 zilifungua jumba la maduka la Sarit Centre, Westlands, ambalo limepanuliwa tangu wakati huo.

Hati ikiwa kwa jina la mtu mmoja, akifariki, Sheria ya Urithi, kifungu cha 45, inakataza yeyote kugusa mali yake bila idhini ya mahakama. Kesi ikichelewa, jengo hukwama. Jengo la kampuni ni tofauti: kinachorithiwa ni hisa, na kampuni huendelea na kazi.

Hatua za kufuata:

1. Fanyeni kikao cha familia, mabinti na wake wakiwemo, mkubaliane mgao wa hisa kwa maandishi.

2. Sajilini kampuni ya kibinafsi kupitia eCitizen. Inaruhusiwa wanahisa hadi 50. Wekeni wakurugenzi wawili au zaidi, ili mmoja akifariki kazi isisimame.

3. Mwoneni wakili kuhusu kuhamisha hati kwa jina la kampuni. Mke au mume aridhie.

4. Kabla ya kuongeza ghorofa, ombeni kibali cha kaunti, kama Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inavyotaka.

Kikao kifanyike mzee akiwa hai, aseme mwenyewe anachotaka.