Hesabu ya Mtoto wa Unyamwezi na Lugha-Mame ya Kibantu

Mwanachuo atakayepangiwa shule ya msingi katika vijiji vya Tabora huenda akamsikia mtoto wa darasa la kwanza akihesabu "moja, mbili, datu". Mwalimu asiyeijua lugha ya mahali hapo hudhani ulimi wa mtoto ni mzito, akamkaripia. Na mtoto akishachekwa mara mbili tatu hunyamaza katika kipindi cha hesabu, hata pale anapolijua jibu. Twapenda kuonyesha hapa kwamba datu ni tamko lenye kanuni, na kwamba kanuni hiyo ina umri mkubwa kuliko njia ya misafara.

Njia hiyo, itokayo Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, ndiyo iliyoleta Kiswahili Unyamwezi. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857 walikuta biashara imekwisha shamiri. Lakini Kinyamwezi hakikuzaliwa na Kiswahili. Lugha hizi mbili ni ndugu, na mama yao hakuacha maandishi. Wataalamu kama Carl Meinhof (1899) na Malcolm Guthrie (1967–1971) walijaribu kuyaunda upya maneno ya lugha-mame hiyo kwa kulinganisha lugha zilizo hai. Neno lililoundwa hivyo hutangulizwa nyota, kuonyesha kuwa hakuna aliyelisikia.

Tutazame tarakimu. Kiswahili kina -tatu, Kiganda -satu, Kizulu -thathu, Kinyamwezi -datu. Lugha-mame yakadiriwa kuwa na *-tatu. Je, d imetoka wapi? Mwanachuo na aweke vidole kooni atamke t, kisha d: ya pili hutetemesha koo, ya kwanza haitetemeshi. Katika Kinyamwezi, silabi mbili zinapofuatana, zote zikianza na sauti zisizo na mtetemo, ile ya kwanza hupata mtetemo. Kwa hiyo *-tatu ikawa -datu. Bali -tano imebaki -tano, kwa kuwa n ina mtetemo wake. Vivyo hivyo t ya kwanza ya -tandatu, yaani sita, hufuatwa na nd, nayo haikuguswa. Mmisionari Mjerumani Edmund Dahl ndiye aliyeitambua kanuni hii huko Unyamwezi, na tangu mwaka 1903 inaitwa Kanuni ya Dahl. Wakikuyu wanayo pia: kilima ni kĩrĩma, lakini wao wenyewe ni Gĩkũyũ.

Mahali pengine ni Kiswahili kilichobadilika. Mnyamwezi husema bana babili, sisi twasema wana wawili. Sarufi ni ile ile: kiambishi cha ngeli hujirudia katika sifa. Ila *b ya kale imelegea kwetu ikawa w. Ushahidi tunao vinywani mwetu: twasema watu wawili, lakini nyumba mbili, kwa sababu m iliyotangulia iliikinga b.

Irabu za lugha-mame zilikuwa saba. Kinyamwezi kingali nazo. Kiswahili kimebaki na tano, lakini ile i ya kale iliyobana sana iliacha alama katika konsonanti: penda hutoa mpenzi, pika mpishi, fuata mfuasi.

Tahadhari moja. Maneno yaliyosafiri na misafara, kama kitabu na sahani, hayafai kulinganishwa kwa namna hii, kwani yamenunuliwa dukani, hayakurithiwa. Hata sita, saba na tisa zetu ni za Kiarabu.

Darasani, mwalimu aandike datu na tatu ubaoni bega kwa bega, awaulize watoto ipi ni ya nyumbani na ipi ya shuleni, kisha wahesabu kokwa za maembe kwa zote mbili. Kanuni yenyewe si ya darasa la kwanza. Ni ya mwalimu.

Zoezi: Andika tarakimu moja hadi kumi katika lugha ya kwenu. Zipi zimerithiwa, zipi zimeazimwa, nawe umezitambuaje?