Ualbino na Jua: Nguo Kwanza, Mafuta Yafuate

Mtoto mwenye ualbino huzaliwa na melanini kidogo sana mwilini, au bila melanini kabisa. Melanini ndiyo inayoipa ngozi rangi yake na kuikinga na miale ya jua. Asipokuwa nayo, jua la muda mfupi tu humbabua, na madhara hujilimbikiza mwaka hadi mwaka mpaka yalete saratani ya ngozi, mara nyingi angali kijana. Tanzania, ambako inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, saratani hii bado inaua watu ambao wangeweza kuokolewa.

Nguo na kivuli
Kinga kuu ni nguo. Mvalishe mikono mirefu, suruali au sketi ndefu ya kitambaa kilichoshonana, na kofia yenye ukingo mpana pande zote; kapelo huacha masikio na shingo wazi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni jua huwa kali zaidi, hivyo kazi za shamba na michezo zifanyike kabla au baada ya hapo. Mawingu yasikudanganye, kwa kuwa miale hupenya.

Mafuta ya kujikinga na jua
Sehemu zinazobaki wazi zipakwe mafuta yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, yanayozuia aina zote mbili za miale ya jua, UVA na UVB. Mafuta ya SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, lakini yakipakwa ya kutosha tu. Kwa mtu mzima, uso na shingo huhitaji kijiko kimoja cha chai, kila mkono kijiko kimoja, na kila mguu vijiko viwili. Paka dakika 20 hadi 30 kabla ya kutoka, kisha rudia kila baada ya saa mbili, au mara baada ya kuogelea na kutoka jasho jingi. Kumbuka masikio, kisogo na midomo.

Mafuta ya nazi na ya mgando hayatoshi kuzuia jua, na krimu za kujichubua huidhuru ngozi zaidi. Katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa mafuta ya Kilisun, mahususi kwa watu wenye ualbino. Yaulizie katika kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe.

Dalili za hatari
Kidonda kisichopona kwa wiki nne, gamba linalorudi palepale, au uvimbe unaokua na kutoka damu, vyote vinahitaji daktari mapema. Saratani ikigunduliwa ikiwa changa, mara nyingi hutibika kwa upasuaji mdogo.

Walimu, mruhusuni mwanafunzi mwenye ualbino avae kofia na mikono mirefu hata kama si sare, na asimame kivulini wakati wa mstari. Wazazi, mzoesheni kujikinga tangu utotoni, ili akikua ajilinde mwenyewe.