Bando linaloyeyuka

SWALI: Kila mwezi nanunua bando la GB nyingi, na kila mwezi linakufa likiwa limebaki karibu nusu. Pesa yangu inakwenda wapi? — Msomaji, Paje

JIBU: Dada yangu, pesa haijaibiwa, ulinunua muda, GB zimo ndani yake. Bando la mwezi kwa kawaida ni siku 30 tangu saa uliyonunua, si mwezi wa kalenda. Ukilinunua Darajani saa 4 asubuhi, linakatika saa 4 asubuhi, nawe pengine umo kwenye daladala, simu mkobani.

Sasa shika hili, maana wengi hawalijui. Kanuni za vifurushi zilizotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) mwaka 2021 ziliwataka watoa huduma wamruhusu mteja kuendelea kutumia salio lililobaki, akinunua kifurushi kilekile kabla ya muda kwisha. Kifurushi kilekile, na kabla! Ukichelewa dakika moja, au ukichukua cha bei nyingine, usidai. Kanuni hizohizo zilitaka pia mteja aweze kumhamishia mwenzake salio, mradi wako mtandao mmoja. Kwa hiyo siku ya 28 tazama salio, kisha amua: ulirefushe au umpe mdogo wako anayesoma.

Ila nikuambie kweli: anayebakisha nusu kila mwezi ananunua bando kubwa mno. Jaribu la wiki, au dogo zaidi. Na usianze kupakua filamu usiku wa mwisho ili tu GB zisiharibike. Utakosa usingizi bure.