Tangi la Gari la Tabo: Usiache Pampu Ifyonze Hewa

Gari la tabo lina maana yake katika miinuko ya Mlima Kenya. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa yake ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Injini ya kawaida ikifika huko imeshapoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu zake. Yenye tabo huisukuma hewa ndani kwa nguvu, ikapanda kutoka Kiganjo hadi Naro Moru bila kuhema. Ndiyo sababu Subaru Legacy na Impreza za miaka ya 1990 bado zinatunzwa kutoka Karatina hadi Nyahururu, na heshima yake wamiliki hawakuibuni. Legacy RS ilianza mbio za ubingwa wa dunia papa hapa Kenya, katika Safari Rally ya 1990, na ile ya Jim Heather-Hayes ikashinda kundi N.

Magari hayo sasa yana karibu miaka thelathini au zaidi, na matangi yake yanaoza. Wengi hulichukulia tangi kama chombo cha kubebea mafuta tu: likivuja, zibeni; likiwa dogo, ongezeni. Kwa gari la tabo huo ni mtazamo wa hatari. Tabo inaposukuma hewa, injini hudai petroli zaidi papo hapo. Pampu ikifyonza hewa hata kwa sekunde moja wakati huo, mchanganyiko unakuwa mkavu, injini inagonga, na pistoni inatoboka. Injini isiyo na tabo ingekohoa kidogo na kuendelea. Kwa hiyo kila uamuzi kuhusu tangi, uwe wa kubadilisha, kuziba au kurekebisha, upime kwa swali moja: je, pampu itakuwa ndani ya mafuta muda wote, kwenye kona, kwenye mlima na tangi likiwa limebaki robo?

Anza kwa kujua limeharibikia wapi. Mara nyingi tangi lenyewe ni zima, tatizo ni shingo ya kujazia mafuta. Nyuma ya plastiki ya juu ya gurudumu, tope jekundu la barabara za Othaya na Mukurweini hujikusanya, likashika unyevu, likala chuma polepole. Toa plastiki hiyo, safisha kwa brashi, kisha bonyeza bati kwa ncha ya bisibisi. Likizama, shingo imekwisha, na kila unapooshewa gari kwa maji ya presha, maji yanaingia kwenye petroli. Sehemu ya pili ni juu ya tangi, pale vumbi linapolala mahali pasipofikiwa na macho. Ya tatu ni sakafu yake kwa ndani. Usiku wa Juni na Julai huku ni wa baridi kali, na tangi lililoachwa nusu hutoa umande ndani yake. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatulia chini na kutengeneza kutu. Gari linalolala wiki nzima bila kwenda popote liache na tangi lililojaa.

Kagua pia paipu ya kupumulia. Ukishuka kutoka Nyahururu, karibu mita 2,300, hadi Sagana, karibu mita 1,200, presha ya nje inapanda njia nzima. Paipu ikiwa imezibwa na matope au buibui, tangi linabanwa na pampu inavuta kwa shida. Kifuniko kikifunguliwa na kuvuta hewa kwa kishindo, umeshapata mkosaji, na huenda usihitaji tangi jipya hata kidogo.

Tangi la Subaru ya magurudumu manne lina umbo la tandiko: limeruka juu ya propela, likabaki na vyumba viwili. Pampu kuu iko upande mmoja tu. Mafuta ya upande wa pili huhamishwa na kifaa kidogo kinachotumia nguvu ya mafuta yanayorudi kutoka kwa injini. Mpira wake ukipasuka, au fundi akiurudisha vibaya, chumba kimoja kinabaki kimejaa na kile chenye pampu kinakauka. Geji haitakuambia, kwa sababu inajumlisha vipimo vya vyumba vyote viwili. Itaonyesha nusu huku gari likizima mlimani. Kabla hujanunua tangi wala pampu, fungua vifuniko viwili vilivyo chini ya kiti cha nyuma ama sakafu ya buti, uangalie kila upande una mafuta kiasi gani.

Ikiwa ni lazima libadilishwe, tafuta tangi la aina ile ile. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo hutaleta Legacy nzima ya 1992 ili uikate vipande. Utategemea spea za mtumba kutoka Japani, zile za Kirinyaga Road jijini Nairobi, au gari lililogongwa huku huku. Likague kabla ya kulipa: tia taa ndogo ya betri kwenye tundu la pampu, na upitishe kidole ndani. Vumbi la kahawia la juu juu linasafishika kwa siki au asidi ya limau iliyochanganywa na maji, kisha magadi ya kuokea ili kuua asidi, kisha likaushwe saa hiyo hiyo. Likiwa na magamba yanayobanduka kwa kucha, liache.

Ushauri wangu kuhusu tangi kubwa la kutengenezewa ni huu: usilifanye kwa gari la barabarani. Tangi la kiwandani limekaa mbele ya ekseli ya nyuma, chini ya kiti, mahali ambapo likigongwa kwa nyuma linakingwa na chuma kingi. Ukilihamishia kwenye buti umelipeleka mahali bati linapokunjika kwanza.

Kushusha tangi si kazi ya saa moja, kwani ekzosi, propela na difu vinatangulia. Liachie mafuta machache iwezekanavyo. Chomoa fyuzi ya pampu na uwashe injini hadi izime yenyewe, ili presha iishe kwenye paipu, ndipo uondoe waya hasi wa betri. Na hapa namsihi kila fundi: kazi hii isifanyiwe ndani ya shimo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unateremka na kujaa shimoni, na taa ya balbu ikianguka na kupasuka huna pa kukimbilia. Inua gari kwa stendi imara, nje, penye upepo, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono.

Kuhusu kuchomelea, nakataa kabisa mazoea ya kusema tangi limekauka. Mvuke wa petroli huwaka ukifika asilimia 1.4 tu ya hewa, kwa hiyo tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa. Kulikosha kwa sabuni mara moja hakutoshi: mafuta yaliyojificha kwenye mikunjo ya bati hutoa mvuke upya moto unapoyagusa. Wengine huelekeza moshi wa ekzosi ndani ya tangi ili kufukuza hewa. Hakuna anayejua oksijeni imebaki kiasi gani. Tangi lichemshwe kwa mvuke wa maji, lioshwe, lijazwe maji hadi karibu na mahali pa kuchomelea, na nafasi ndogo iliyobaki ijazwe gesi ya argoni, matundu yote yakiwa wazi. Fundi asiyekubali masharti hayo, mshukuru na uondoke na tangi lako.

Sasa pampu. Injini ya farasi 220, kama ya Legacy RS, ikikanyagwa hadi mwisho hula karibu lita 80 hadi 90 kwa saa. Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha na kubaki, mradi iwe halisi, kwani za bandia ni nyingi. Kumbuka pia kwamba presha ya petroli lazima ipande pamoja na ya tabo: ikiwa ya msingi ni bar 3 na tabo inasukuma bar 1, petroli ifike bar 4, na kadiri presha inavyopanda ndivyo mafuta yanayotolewa na pampu yanavyopungua. Mpira wa ndani ya tangi uwe wa kuzamishwa kwenye petroli, daraja la SAE J30R10. Wa nje uwe J30R9. Mpira wa kawaida ukitumbukizwa hulainika, ukavimba na kupasuka ukiwa umefichika kabisa.

Anayekimbia mashindano ya milimani na bado anakosa mafuta kwenye kona anaweza kuongeza tangi dogo la lita 1.5 au 2. Pampu ya tangi kuu inalijaza, ya pili inavuta kutoka chini yake, petroli inayorudi kutoka kwa injini inaingia humo, na ya ziada yanatoka juu kurudi tangi kuu. Lakini Legacy nyingi za huku ni stesheni wagoni, na buti yake ni chumba kimoja na abiria. Usiliweke humo wazi. Lifungiwe ndani ya sanduku la chuma lisilopitisha hewa, lenye paipu ya kupumulia nje ya gari.

Ukishamaliza, pima. Gari likiwa nje na injini imezimwa, elekeza paipu ya kurudishia mafuta kwenye mtungi wenye alama, uendeshe pampu nusu dakika. Chini ya lita 1.5 kuna kasoro: pampu dhaifu, chujio lililoziba, au waya mwembamba usiofikisha umeme kamili. Weka waya mpya na rilei kabla ya kulaumu pampu. Kisha funga geji ya presha ya mafuta, uache robo ya tangi, na upande barabara ya Othaya yenye kona nyingi, mwenzako akiisoma geji wakati tabo inasukuma. Sindano ikishuka badala ya kupanda, toa mguu mara moja, rudi ukague chumba chenye pampu. Ikipanda sawasawa kwa kona za kulia na kushoto, badilisha chujio baada ya kilomita 500, kwa sababu kutu iliyotikiswa wakati wa kazi itakuwa imeshafika pale.