SOMO LA WAFANYAKAZI: AKIBA YETU YA UZEENI INAWEKWA WAPI?



Kwa sheria ya Uganda, kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 10. Fedha hizo huenda katika mfuko wa NSSF. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja ni lazima achangie. Kukatwa tunakujua sote. Zinakokwenda fedha, wachache wetu tunajua.

1. Hisa ni nini?
Hisa ni sehemu ya mali ya kampuni. Kampuni ikipata faida, mwenye hisa hugawiwa. Ikianguka, naye hupoteza. Mfuko wetu hukopesha serikali kwa hati fungani, hujenga majumba, na hununua hisa nchini Uganda na hata Kenya na Tanzania.

2. Kwa nini kutawanya?
Mkulima hapandi mahindi matupu. Hupanda na mihogo, ili jua likizidi watoto wasilale njaa. Akiba nayo ni hivyo hivyo. Wafanyakazi wa kampuni ya Enron, Marekani, waliweka zaidi ya nusu ya akiba yao ya uzeeni katika hisa za kampuni hiyo hiyo iliyowaajiri. Agosti 2000 hisa moja iliuzwa karibu dola 90. Desemba 2001 kampuni ilipofilisika, hisa haikufika dola 1. Maelfu walipoteza kazi na akiba kwa mpigo mmoja.

3. Hisa za nchi zinazoinukia
Matajiri na mifuko ya pensheni ya Ulaya na Marekani hununua hisa katika nchi kama India, Brazili na Afrika Kusini. Hutumaini kwamba uchumi wa huko utakua haraka, na kwamba soko la kwao likianguka, la kule huenda likasimama. Lakini hatari zipo:

(a) Fedha za wageni hukimbia pamoja. Julai 1997 sarafu ya Thailand ilianguka. Msukosuko ukafika Indonesia, Malaysia na Korea Kusini, na wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi.

(b) Vita hufunga soko. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, hisa za Urusi zilizomo mikononi mwa wageni hazikuuzika, zikahesabiwa kama si kitu.

(c) Sarafu hushuka. Mwaka 2023 dola moja ilipanda kutoka shilingi 123 hivi za Kenya hadi kama 157. Mwenye hisa za Nairobi anayehesabu kwa shilingi ya Uganda alipungukiwa, hata kama bei ya hisa zake haikushuka.

4. Tushike lipi?
Kutawanya hupunguza hatari, hakuiondoi. Akiba iwe katika nchi mbalimbali, kazi mbalimbali na sarafu mbalimbali, wala nchi moja isibebe yote. Fedha ya chakula na karo isiguswe kununulia hisa. Na anayekuahidi faida ya hakika kila mwezi ni tapeli.

Maswali ya kujadili tawini:
- Je, mwajiri wetu hupeleka michango yote? Kila mmoja adai taarifa ya akiba yake.
- Katika bodi ya mfuko wamo wajumbe wa vyama vya wafanyakazi. Tuwaulize: fedha ziko nchi zipi, na kiasi gani kila nchi?
- Kampuni tunazonunua hisa zake huwalipaje wafanyakazi wao?

Fedha ni jasho letu. Tuulize kwa pamoja.