Ringi Moja na Pai: Kupima Uchakavu wa Silinda ya Pikipiki Kuukuu

Pikipiki ya zamani itoayo moshi wa buluu inachoma mafuta ya injini. Kila fundi wa Bukoba anaifahamu dalili hiyo. Lisilo dhahiri ni sehemu ipi iliyokwisha: ringi, silinda au valvu. Jambo hilo lina uzito wake, kwani ringi ni rahisi kununua, lakini kuchonga silinda na kutafuta pistoni kubwa zaidi ni gharama nyingine kabisa.

Mfano mzuri ni Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976. Wahandisi wake waliikusudia ivumilie matunzo haba. Valvu zake husukumwa na vijiti virefu badala ya kuendeshwa kwa mnyororo unaopanda hadi juu ya injini. Injini za mfano huo zimeigwa katika nchi nyingi, China ikiwamo. Kwa hiyo mtu anayeifufua pikipiki ya namna hiyo huko Ijuganyondo, katika Manispaa ya Bukoba, bado ana tumaini la kupata vipuri, ingawa si kila kipuri cha mwigo hulingana na cha asili. Kipenyo cha silinda yake ikiwa mpya ni milimita 56.5, na mwendo wa pistoni ni milimita 49.5.

Silinda hailiki sawasawa. Pistoni ifikapo juu husimama kitambo kidogo kabla ya kugeuka. Hapo utando wa mafuta hupungua, na wakati huohuo gesi yenye joto kali huisukuma ringi ukutani. Hapo ndipo uchakavu huwa mkubwa. Vumbi likipenya kwenye chujio la hewa huzidisha madhara, maana chembe za kwatzi zilizomo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Sehemu ya chini kabisa, ambako ringi hazifiki, hubaki karibu na kipimo cha kiwandani.

Tofauti hiyo ya juu na chini ndiyo inayoiwezesha shule isiyo na mikromita ya ndani kupima. Kinachohitajika ni ringi moja mpya ya kipimo cha asili na seti ya majani membamba ya chuma yenye unene unaojulikana. Ringi huingizwa ndani ya silinda na kusukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae bila kuinama. Mwanya kati ya ncha zake hupimwa kwanza chini, kisha juu, mahali palipolika zaidi. Kwa kuwa mzingo ni pai mara kipenyo, ongezeko la mwanya likigawanywa kwa 3.14 hutoa ongezeko la kipenyo. Tuseme mwanya wa chini ni milimita 0.20 na wa juu ni 0.58. Tofauti ni 0.38, kipenyo kimeongezeka kwa milimita 0.12.

Hata hivyo, ringi hutoa wastani tu. Pistoni huegemea zaidi pande mbili zilizo mkabala na pini yake, hivyo silinda huweza kuwa ya duaradufu bila kipimo hiki kuonyesha. Ndiyo sababu fundi mwangalifu hataridhika na pistoni iliyozidi kwa milimita 0.25. Uchakavu wa 0.12 ukiwa wote upande mmoja, kuuondoa bila kuhamisha kitovu cha silinda hudai kipenyo kiongezwe 0.24, na hakibaki kitu cha kusawazisha. Pistoni ya 0.50 ni salama zaidi.

Kuweka ringi mpya katika silinda iliyolika ni uchumi wa uongo. Juu ya eneo lililolika hubaki ukingo, na ringi mpya yenye kona kali huweza kuugonga ikavunjika.

Pistoni hununuliwa na kupimwa kwanza. Silinda huchongwa kuifuata, wala si kinyume chake. Nafasi kati yao ni ya lazima. Aloi ya pistoni hutanuka karibu 0.00002 ya urefu wake kwa kila digrii ya Selsiasi, na chuma cha kusubu karibu 0.000011. Vyote vikipata joto la digrii 100 zaidi, pistoni hukua kwa milimita 0.113 na silinda kwa 0.062. Nafasi hupungua kwa 0.051, ikiwa ndogo mno tangu mwanzo, pistoni hukwama. Baada ya kuchongwa, silinda huoshwa kwa maji moto na sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke safi, kisha hupakwa mafuta mara moja, kwani petroli peke yake haiondoi unga wote wa jiwe la kunolea.

Zoezi: Mwanya wa chini ni milimita 0.25 na wa juu ni 0.60. Tafuta ongezeko la kipenyo. Kisha tafuta ujazo wa silinda hiyo ikichongwa hadi milimita 57.0. Majibu: milimita 0.11, sentimita za ujazo 126.3, badala ya 124.1 za awali.